Muulize Bibi Shamba: Trekta Inafika Kwangu ya Mwisho

Barua za mara hii zimekuja kama zimeambiana. Nyingi ni za wanawake na karibu zote zinauliza habari za mashine. Kwa wasomaji wapya, mimi niliingia kwenye ubibi shamba kupitia karakana, nikifundisha madereva na mafundi wa zana za kilimo. Mtanivumilia nikianza na mkanda na bolti pale ambapo wengine wangeanza na sera.

*

*Shikamoo Bibi Shamba. Nalima ekari moja na nusu katika vipande viwili. Kila msimu naweka oda ya trekta mapema na kianzio natoa, lakini dereva anaanzia kwa wenye mashamba makubwa, ambao wote ni wanaume. Akija kwangu, mahindi ya jirani yameshatoa majani matatu. Nikiuliza naambiwa, "Mama, subiri zamu yako." Nimechoka. Nikope ninunue pawatila, ile trekta ndogo ya kushika kwa mikono, iwe yangu mwenyewe? – Wa Mwisho*

Marahaba mwanangu. Mkopo uweke kando kidogo, tutaurudia. Trekta ipo na hela ya kuilipa unayo. Unachonyimwa ni siku, na siku hiyo ina uzito. Mvua za mwanzo zikigusa udongo uliokauka kwa muda mrefu, vijidudu vya udongoni huamka na kuachia naitrojeni, chakula cha mmea, nyingi kwa mkupuo. Aliyepanda mapema anaikuta. Aliyesubiri zamu anakuta sehemu imezama chini na maji, sehemu imeliwa na magugu, halafu mwishoni mvua inamkatikia mahindi yakiwa ndiyo kwanza yanajaza punje.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilieleza mwaka 2023 kwamba tija ya shamba linalosimamiwa na mwanamke iko chini kwa asilimia 24 ikilinganishwa na ya shamba la ukubwa uleule linalosimamiwa na mwanamume. Watu wakisikia namba hiyo hukimbilia kusema wanawake wapewe mafunzo. Mafunzo gani, wakati mtu anaijua fika tarehe ya kupanda, na inampita amekaa kibarazani akisikilizia mlio wa injini?

Sasa njoo ukae kwenye kiti cha dereva. Trekta inayolima kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa humaliza mstari wa mita 40 kwa sekunde 29 hivi. Halafu dereva anyanyue jembe, akate kona, ajipange, alishushe tena. Hapo zimepita sekunde 20 au 30 dizeli ikiungua bila tonge la udongo kugeuzwa. Yaani karibu nusu ya muda wake kwenye kipande chako unaishia kwenye kona. Kwa jirani mwenye mstari wa mita 200, anakwenda zaidi ya dakika mbili moja kwa moja ndipo anageuza. Na nyote mnalipa kwa ekari! Simtetei, ila ukijua kinachomkimbiza utajua na pa kumshikia.

Mshikie hapa. Wewe na wanawake wenye vipande vinavyopakana mwite trekta kwa oda moja. Alime kwa kukatisha, kutoka kipande cha kwanza hadi cha mwisho, kama shamba moja refu. Najua hofu ya kwanza itakuwa mipaka. Pimeni kwa kamba kabla ya siku yenyewe, gongeleeni vigingi pembezoni nje ya njia ya trekta, kila mmoja akiwapo. Akishapita, vuteni kamba kati ya kigingi na kigingi na mpaka umerudi. Visiki vinavyong'oleka ving'oeni. Visivyong'oleka vifungeni kitambaa chenye rangi kali, maana dereva aliyewahi kuvunja diski kwenye kisiki kilichojificha harudi tena kwa hiari.

Halafu karatasi. Msitoe kianzio cha "zamu", toeni kianzio cha tarehe. Iandikwe siku ya kulima, ukubwa, kina cha kulima, na kwamba ikipita siku kadhaa mlizokubaliana bila trekta kuonekana, kianzio kinarudi. Salio lilipwe baada ya kukagua. Kukagua ni kazi ya fimbo: ikate urefu wa sentimita 20, itembeze shambani na uichomeke kwenye udongo uliogeuzwa, katikati na pembeni, si pale dereva anapokuonyesha. Mwenye haraka hukwangua sentimita 10 akafunika nyasi vizuri, na kwa macho huwezi kujua.

Hii ya kukusanya oda sijaibuni mimi. Kampuni ya Hello Tractor, iliyoanza Nigeria mwaka 2014, imejenga biashara nzima juu ya jambo hilo: wakala anakusanya maombi ya wakulima wadogo walio jirani, kisha anayaunganisha na mwenye trekta kupitia programu ya simu. Mwenye trekta haendi kwa ajili ya nusu ekari, ila kwa ekari kadhaa za pamoja atakwenda. Kama huko kwenu hakuna wakala, basi wakala ni wewe na daftari lako, na wala usione haya kuwatoza wenzako kidogo kwa kazi hiyo.

Kuna njia nyingine ambayo wengi hawaifikirii: kuikwepa foleni kabisa. Foleni ipo kwa sababu kila mtu anataka plau, jembe la kugeuza udongo wote, wiki ileile mvua inapogusa. Ripa haisubiri mvua. Ni jino la chuma linalopasua mstari wa kupandia tu, udongo wa katikati unabaki kama ulivyo, na kazi yake nzuri zaidi inafanyika ardhi ikiwa kavu. Miezi hiyo trekta nyingi zimeegeshwa na wenye nazo wanatafuta wateja. Hata ng'ombe waliozoea kazi wanavuta ripa, ingawa kwenye udongo mfinyanzi uliokauka sana watakushinda, na hapo bora trekta. Mvua ya kwanza inaingia moja kwa moja kwenye mstari uliopasuliwa, nawe unapanda kesho yake. Jiandae tu kwamba magugu ya kati hayajageuzwa, kwa hiyo palizi ya kwanza au dawa ya magugu lazima iwe kwenye hesabu yako.

Ndipo tuje kwenye mkopo. Pawatila kwa ekari moja na nusu itamaliza kazi yako siku chache, kisha mwaka mzima itakuwa inakula riba. Inunue kama tu umeshapata watu wa kuwalimia, majina na ekari zao zikiwa kwenye karatasi. Benki ikikuomba hati ya ardhi iliyoandikwa jina la mume au la baba, usigeuze njia hapohapo. Uliza kama wanatoa zana kwa mtindo wa kukodisha hadi umiliki, ambapo mashine inabaki mali ya mkopeshaji mpaka umalize kulipa, na yenyewe ndiyo dhamana. Uliza na ruzuku. India, kwenye mpango wake wa zana za kilimo ulioanza mwaka wa fedha 2014–15, wanawake na wakulima wadogo huchangiwa hadi asilimia 50 ya bei ya mashine, wengine asilimia 40. Nusu inayobaki bado ni mlima kwa asiye na hati, ndiyo maana hayo mawili huwa nayauliza kwa pamoja.

*

*Bibi Shamba, salaam. Mimi ni mmiliki wa trekta. Nasoma safu yako na naona wanawake wanatulalamikia sana. Ukweli ni kwamba mashamba yao ni vipande vidogo, yana kona nyingi, na faida haipo. Mimi nafanya biashara, si msaada. – Mwenye Chombo*

Salaam kaka. Umesoma jibu la juu, kwa hiyo hesabu ya kona tumekubaliana. Basi acha kutoza kwa ekari kwenye vipande vya ajabu ajabu, toza kwa saa na uwaambie mapema. Mteja atang'oa visiki vyake mwenyewe akijua saa inahesabu. Tenga siku zinazojulikana za oda za pamoja, mwanzoni mwa msimu na si mwishoni.

Ila faida si hadithi yote, nawe unaijua. Wanawake kadhaa wameniandikia kwamba hutuma kaka au mtoto wa kiume kwenda kuongea na dereva, kwa sababu wakienda wenyewe wanasemeshwa maneno yasiyo na heshima, au wanadaiwa "kitu kidogo" juu ya bei ambacho wanaume hawadaiwi. Asiye na wa kumtuma anaacha, anarudi kwenye jembe la mkono. Huyo kwenye daftari lako haonekani kama mteja uliyempoteza, anaonekana kama mteja ambaye hakuwepo. Weka namba yako mwenyewe kwenye ubavu wa trekta, oda zipitie kwako, bei iandikwe. Dereva abaki na usukani.

*

*Kikundi chetu cha akina mama kilikabidhiwa pawatila kwa sherehe, na picha zikapigwa. Msimu wa kwanza ilifanya kazi. Sasa imekaa chini ya mti, haiwaki. Isitoshe hata ilipokuwa inawaka, ufunguo ulikuwa kwa shemeji yake mwenyekiti kwa sababu sisi hatuwezi kuiwasha, ile hendeli ni nzito mno. Tuiuze? – Katibu wa Kikundi*

Katibu, msiiuze kabla hamjaikagua. Na kabla ya hapo, tuanze na hiyo hendeli, maana ndiyo iliyompa shemeji ufunguo.

Injini ya dizeli ya silinda moja hakuna anayeiwasha kwa misuli, hata huyo shemeji. Juu ya kichwa cha injini kuna kiwiko kidogo cha kuachia mgandamizo. Ukikiinua, valvu inabaki wazi, hewa inatoka, na hendeli inazunguka kwa ulaini. Mkono mmoja ushike kiwiko, mwingine uzungushe, taratibu kwanza, halafu kwa kasi hadi uisikie flaiwili, lile gurudumu zito la injini, imebeba uzito wake yenyewe. Hapo achia kiwiko huku ukiendelea kuzungusha. Flaiwili ndiyo itakayoisukuma pistoni, na injini itashika. Jambo moja usilifanyie mzaha: dole gumba lisizunguke mpini, likae upande mmoja na vidole vingine. Injini ikirudisha teke, hendeli inachomoka mkononi. Gumba likiwa limezunguka, linavunjika. Aliyewafundisha siku ya makabidhiano alipaswa kusema haya, na kila mwanakikundi aiwashe mbele yake, sio kuangalia. Zipo pia pawatila zenye stata ya umeme. Kikundi kinachochagua mashine kiulize hilo kabla ya kuuliza rangi.

Sasa kukagua. Chomoa kijiti cha oili. Ikiwa nyeusi na nzito kama lami, imwageni. Injini nyingi ndogo za dizeli hutaka oili mpya kila baada ya saa 100 hivi za kazi, na mapema zaidi zikiwa mpya, kitabu cha mashine kitawaambia. Fungueni filta ya hewa. Mashine inayolima vumbini filta yake huangaliwa kila siku, na hiyo yenu naweza kuapa haijafunguliwa. Angalieni mikanda kama imelegea au kupasuka. Kama dizeli imekaa ndani kwa muda mrefu, imwageni, safisheni tangi na filta yake, kisha toeni hewa kwenye bomba la mafuta: legezeni nati ya bomba, achieni dizeli itoke hadi mapovu yakome, kazeni. Pawatila nyingi "zilizokufa" nilizoitiwa zilikuwa na hewa kwenye bomba.

Ikiwaka, mbadili utaratibu, la sivyo itarudi chini ya mti. Mali ya wote isiyo na mwenye zamu ya kuigusa huozea hapohapo. Chagueni wanawake wawili waendeshaji, walipwe kwa kila kazi, si kwa shukrani. Ufunguo na daftari vikae pamoja: nani amelimiwa, saa ngapi, oili imebadilishwa lini. Kila kazi, hata ya mwanakikundi mwenyewe, ilipiwe, na sehemu iende kwenye mfuko wa mikanda, visu na oili ambao hauguswi kwa msiba wala harusi. Mwanakikundi atakayesema "lakini ni yetu" muonyesheni mti.

Shemeji naye mwambieni kwa adabu kwamba mnamshukuru na ufunguo unarudi kwa katibu. Akitaka kulimiwa, foleni iko wazi.

Niongeze moja hapa. Mwaka 2015 Umoja wa Afrika, kwa sauti ya mwenyekiti wa kamisheni yake wakati huo, Nkosazana Dlamini-Zuma, ulitangaza kwamba jembe la mkono lipelekwe makumbusho. Na Umoja wa Mataifa umeutangaza mwaka 2026 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Mwanamke Mkulima. Sipingi. Ila kwenye matangazo ya namna hiyo mashine hugawiwa kwa utepe na makofi. Ukiwa kwenye kundi linalopokea, uliza palepale mbele ya wakubwa: visu vya akiba viko wapi, fundi ni nani, na nani ataandikwa kwenye kadi ya mashine.

*

*Mwanangu Bibi Shamba, tangu mzee wangu aanze kukodi trekta tumetoka ekari mbili hadi tano. Watu wanatupongeza. Lakini kulima ni siku moja, palizi ni mimi na mabinti mgongo umepinda wiki nzima, na bado magugu yanatushinda. Mashine yangu iko wapi? – Mama wa Palizi*

Shikamoo mama. Barua yako ningeitundika kwenye ofisi ya kila anayepanga mradi wa matrekta. Trekta imeondoa kazi ambayo kwenu pengine ilikuwa ya mzee na vijana, ikaongeza kazi ambayo ni yako. Ekari zimeongezeka mara mbili na nusu na mikono ya palizi ni ileile. Mahindi huumizwa zaidi na magugu katika wiki sita za kwanza, kwa hiyo ile ekari ya tano unayoifikia umechelewa, huenda ililimwa kwa hasara. Mwambie mzee hivyo, kwa mahesabu ya magunia ya ekari moja moja, si kwa malalamiko. Wazee husikia magunia.

Mashine ya palizi ipo, kuanzia ya kusukuma kwa mkono yenye gurudumu moja hadi ya injini ndogo. Lakini haijui kutofautisha mche na gugu. Inafuata mstari tu. Mkipanda kwa kutawanya au kwa mistari iliyopinda, itang'oa vyote. Kwa hiyo mashine yako inaanzia siku ya kupanda: kamba, au mashine ya kupandia, na nafasi ileile shamba zima. Wengi hutumia sentimita 75 kati ya mistari ya mahindi. Kabla ya kununua mashine ya palizi pima upana wa visu vyake: vipite katikati na vibakize nafasi ya kutosha kila upande ili mizizi isiguswe. Na iwahi, magugu yakiwa na majani mawili matatu. Yakifika magotini hata mashine inasonga.

Msimu ujao, kabla trekta haijaitwa, kaeni muulizane ni ekari ngapi mnazoweza kupalilia kwa wakati. Hizo ndizo zilimwe.

*

*Shikamoo. Nina miaka 19, nataka kusomea udereva wa trekta. Baba anasema ile ni kazi ya wanaume, inataka nguvu. Nimjibu nini? – Binti wa Usukani*

Marahaba. Mwambie baba alikuwa sahihi enzi za plau ya kukokotwa, ambayo kweli ilitaka mtu wa kuibana ardhini kutwa. Tangu mfumo wa Harry Ferguson ulipoingia sokoni kwenye trekta za Ford mwaka 1939, jembe linanyanyuliwa na haidroliki, yaani nguvu ya mafuta yanayosukumwa na pampu, kwa kusukuma kiwiko kwa vidole. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na jeshi la wanawake wa mashambani lililofika zaidi ya watu 80,000, na baadhi yao waliendesha matrekta. Kabla ya hapo, mwaka 1933, Pasha Angelina alikusanya kikosi cha madereva wanawake watupu huko Ukraine, wakati huo ikiwa ndani ya Muungano wa Kisovieti. Kilichowazuia wengine hakikuwa misuli.

Ukienda chuoni usikubali kufundishwa kuendesha peke yake. Jifunze kufunga na kufungua jembe, kubadili filta, kusoma geji ya oili na ya joto. Dereva anayejua hayo hakosi kazi. Na jambo la kwanza, kabla ya usukani: ile shafti ya nyuma inayoendesha mashine nyingine huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kila sekunde. Ikishika upindo wa nguo hupati nafasi ya kupiga kelele. Vaa ovaroli iliyokubana, nywele ndani ya kofia, hakuna mtandio wala sketi ndefu karibu na mashine inayozunguka. Kinga ya shafti ikiwa imeng'oka, zima injini na usiiwashe mpaka irudishwe, hata aliyekuajiri akinung'unika.